Shule Ina Asili Yake, na Mtoto Ana Yake

Kuchagua shule ya sekondari ni jambo linaloonekana dogo siku ya kulitenda, na likaonekana kubwa baada ya miaka kupita. Siku yenyewe pana karatasi, kalamu na orodha ya majina. Mzazi hutafuta jina lenye sifa, mtoto hutafuta jina walilolichagua rafiki zake, na mwalimu hutafuta jina litakaloipa heshima shule anayofundisha. Wote watatu waweza kuijaza karatasi hiyo bila ya kuuliza swali moja lililo kubwa kuliko mengine: shule hii iliundwa kwa ajili ya nini, nayo humtaka mtoto awe mtu wa namna gani?

Swali hili, msomaji, si la leo. Limekuwako tangu siku shule ya kwanza ilipojengwa katika nchi zetu, na majibu yake yamo katika historia. Napenda tulitazame pamoja katika kaunti mbili za Kenya, Homa Bay na Migori, zilizoko mashariki mwa ziwa la Victoria, ambalo wengi wetu huliita Nyanza. Kaunti hizi zilianza kazi mwaka wa 2013, lakini nchi yake ni ya zamani. Wakati wa ukoloni ilikuwa sehemu ya wilaya iliyoitwa South Kavirondo, na baadaye Nyanza Kusini. Humo wakaa Waluo, Wasuba na Wakuria. Wavuvi, wakulima na wafugaji. Humo pia yaweza kuonekana waziwazi jinsi shule zilivyoota, kila moja kwa mbegu yake.

Mwishoni mwa mwaka wa 1906 walifika Gendia, karibu na Kendu Bay, wamisionari wa Kanisa la Waadventista wa Sabato. Kiongozi wao alikuwa Arthur Carscallen, mtu wa Kanada, naye alifuatana na Peter Nyambo, Mwafrika kutoka nchi inayoitwa leo Malawi. Hawakuja na Biblia peke yake. Carscallen alijifunza Kiluo akaandika kitabu cha sarufi yake, na kabla ya Vita Kuu vya Kwanza kupamba moto misheni ilikuwa na mtambo wake mdogo wa kuchapa. Mwaka wa 1913 walifungua kituo kingine huko Kamagambo, katika sehemu ambayo leo ni Migori, na mahali hapo pakawa makao ya elimu ambayo jina lake lingali likitajwa.

Mtoto aliyeingia katika shule hizo alifundishwa kusoma, kuandika, kuhesabu na kufanya kazi kwa mikono. Lakini pamoja na hayo alipokea namna nzima ya kuishi. Jua lilipotua siku ya Ijumaa alitakiwa kuacha kazi, na kupumzika mpaka jua la Jumamosi litue. Tembo na tumbaku vilikuwa mwiko. Kwa mtoto wa pwani ya ziwa kulikuwa na jambo zito zaidi, maana mafundisho ya kanisa hilo hukataza samaki asiye na magamba. Basi kambare, ambaye Waluo humwita mumi, na ambaye babu yake alimla kwa furaha, aliondoka katika sahani yake. Kukubali shule kulikuwa ni kukubali kalenda mpya na meza mpya.

Wakatoliki nao hawakukaa nyuma. Mapadre wa shirika la Mill Hill, waliokuwa wameanza kazi upande wa Kisumu, walivuka kuja kusini, na misheni ya Asumbi ikawa moyo wa kazi yao katika nchi hii. Baadaye zikatokea misheni na shule za Mawego, Rapogi na Ulanda. Hapa kalenda ilikuwa nyingine: Misa ya Jumapili, sikukuu za watakatifu, katekisimu, na masista waliowafundisha wasichana. Kaskazini, ng'ambo ya ghuba, Waanglikana walikuwa wamefungua shule ya Maseno mwaka ule ule wa 1906, nayo ilivuta vijana kutoka pande zote za ziwa.

Hivi ndivyo ilivyokuwa kwamba, kwa miaka mingi, kuchagua shule katika nchi hii kulikuwa ni kuchagua dhehebu. Hata leo waweza kukuta vijiji viwili jirani, watu wa lugha moja na ukoo mmoja, kimoja kikipumzika Jumamosi na kingine Jumapili, na sababu si nyingine ila ni kwamba babu wa huku walisoma kwa Wasabato na babu wa kule walisoma kwa mapadre. Shule ilichora mpaka ambao mto haukuuchora.

Yafaa tuulize: je, mtoto mwenyewe alikuwa na kauli gani? Kwa kweli alikuwa na kauli ndogo sana. Umbali ulimchagulia, kwa kuwa misheni iliyo karibu ndiyo iliyokuwa shule yake. Chifu alimchagulia, alipotakiwa na serikali kutoa vijana wa kusomeshwa. Baba alimchagulia, akimpima kwa haja ya nyumbani: nani achunge ng'ombe, nani aende akajifunze siri ya karatasi ya Wazungu. Msichana alichaguliwa mara chache zaidi, na alipochaguliwa, mara nyingi alifundishwa yale yaliyodhaniwa kumfaa mke wa mwalimu au wa mhubiri: kushona, kupika na usafi wa nyumba.

Lakini usidhani kwamba vijana wale walikuwa udongo usio na neno. Mwaka wa 1908, shule ya Maseno ikiwa na umri wa miaka miwili tu, wanafunzi wake waligoma. Walilalamika kwamba kazi za mikono zilikuwa nyingi na masomo ya kitabu yalikuwa machache. Tukio hilo lafaa kukumbukwa na kila anayechagua shule. Waanzilishi walitaka wahubiri na mafundi wenye adabu. Vijana walitaka maarifa yaliyowapa Wazungu nguvu zao. Shule ilikuwa na nia yake, na wanafunzi walikuwa na yao. Nia hizo mbili zilipogongana, amani iliondoka.

Wazazi nao walifikia kudai. Mwishoni mwa mwaka wa 1921 watu wengi walikutana Lundha, katika nchi ya Gem, wakaunda chama cha vijana wa Kavirondo, na mkutano ule ukajulikana kwa jina la Piny Owacho, maana yake nchi imesema. Pamoja na malalamiko juu ya kodi, kipande na kazi za lazima, walitaka shule ya serikali. Maana ya dai hilo ni kubwa. Mzazi alikuwa anasema kwamba anataka mwanawe apate elimu bila ya kulazimika kupata kwanza dhehebu fulani. Mabaraza ya wenyeji yalipoundwa baada ya mwaka wa 1924, watu wa Nyanza walijitoza fedha kwa ajili ya elimu, na shule ya serikali ya Kisii ikawa moja ya milango iliyofunguliwa kwa watoto wa kusini.

Hata hivyo milango ilibaki michache. Baada ya taarifa ya kamati ya Beecher ya mwaka wa 1949, elimu ya Waafrika ilipangwa kama machujio yaliyowekwa moja juu ya jingine. Mtoto alisoma miaka minne akafanya mtihani, na wengi wakaachwa. Waliobaki wakasoma miaka minne mingine wakafanya mtihani wa pili, na wengi zaidi wakaachwa. Wachache waliopenya walitafutiwa nafasi mbali na kwao. Kijana wa Karungu au wa Mbita alipanda meli ya ziwani mpaka Kisumu, na kutoka huko akaenda Maseno kama alikuwa Mprotestanti, au St. Mary's Yala kama alikuwa Mkatoliki. Mwaka wa uhuru, 1963, Kenya nzima ilikuwa na shule za sekondari 151, zenye wanafunzi wapatao 30,000 tu. Katika hali hiyo kuzungumza juu ya shule inayomfaa mtoto kungekuwa kama kumwuliza mtu anayezama ni mtumbwi wa rangi gani anaoupenda.

Ili tusibaki katika maneno ya jumla, natutazame maisha ya watu watatu ambao asili yao ni nchi hii.

Wa kwanza ni Tom Mboya. Wazazi wake walikuwa watu wa kisiwa cha Rusinga, lakini yeye alizaliwa tarehe 15 Agosti 1930 Kilima Mbogo, karibu na Thika, ambako baba yake alifanya kazi katika shamba la mkonge. Wazazi walikuwa Wakatoliki, basi njia yake ikafuata misheni za Kikatoliki: Kabaa katika Ukambani, kisha Yala katika Nyanza, kisha Mangu. Dini ya wazazi ilimchagulia shule, na mfuko wa baba ukaamua mwisho wake, kwa kuwa karo ya kuendelea haikupatikana. Mwaka wa 1948 aliingia chuo cha Kabete kusomea kazi ya bwana afya, kwa sababu huko mwanafunzi aliweza kusoma bila ya kumlemea baba yake. Mtu angeweza kusema kwamba bahati yake imekatika. Lakini kazi hiyo ilimweka katika Halmashauri ya Jiji la Nairobi, kati ya wafanyakazi wenye mishahara midogo na dharau nyingi, na kipawa chake cha kusema na kupanga watu kikapata uwanja. Mwaka wa 1953, akiwa na umri wa miaka 23, alikuwa katibu mkuu wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi. Aliposimama baadaye kuwatafutia vijana wa Afrika Mashariki nafasi za kusoma Marekani, katika safari za ndege zilizoanza mwaka wa 1959, alikuwa akiwatafutia wengine kile ambacho karo ilikuwa imemnyima yeye. Aliuawa kwa risasi Nairobi tarehe 5 Julai 1969, akazikwa Rusinga.

Wa pili ni Paul Mboya, asichanganywe na wa kwanza. Huyu alilelewa na misheni ya Wasabato, akawa mhubiri wao, na tangu mwaka wa 1935 akawa chifu wa Karachuonyo. Misheni iliyomlea ilitaka watu wake waziache desturi nyingi za zamani. Lakini mwaka wa 1938 ndiye aliyetoa kitabu cha Kiluo kinachoitwa Luo Kitgi gi Timbegi, kilichoeleza mila na mwenendo wa Waluo ili visipotee. Alichukua kutoka shuleni kalamu na nidhamu, akavitumia kwa jambo ambalo shule haikumtuma. Shule ilimpa mengi, wala haikummeza.

Wa tatu ni Barack Obama, baba wa rais wa 44 wa Marekani. Alizaliwa karibu na Kendu Bay katika miaka ya 1930. Baba yake, Hussein Onyango Obama, alikuwa Mwislamu, na Kendu Bay ina Waislamu wake tangu zamani. Hata hivyo mtoto alisoma Gendia kwa Wasabato, kisha Ng'iya, kisha Maseno kwa Waanglikana kuanzia mwaka wa 1950, maana elimu katika nchi hiyo ilikuwa mikononi mwa misheni. Maseno hakuimaliza. Akili yake ilikuwa kali, lakini yeye na utaratibu wa shule hawakupatana. Alimalizia masomo yake kwa njia ya posta, na mwaka wa 1959 akaenda Chuo Kikuu cha Hawaii, na baadaye Harvard.

Katika watu hawa watatu, msomaji, waona mambo matatu. Kwa wa kwanza waona kwamba mlango uliodharauliwa waweza kuwa ndio unaofaa, kama humo ndani kuna kazi inayolingana na kipawa cha mtu. Kwa wa pili waona kwamba shule yenye maadili thabiti haimharibu mtoto mwenye mizizi yake, bali humpa chombo. Kwa wa tatu waona kwamba shule kubwa na akili kubwa haziwi lazima zipatane, na kwamba kuachana na shule si mwisho wa elimu, ingawa ni njia yenye miiba ambayo wengi wameanguka humo na majina yao hatuyajui. Lililo la kawaida kwa wote watatu ni kwamba hakuna aliyeulizwa kwanza: wewe ni nani, na moyo wako wapenda nini?

Uhuru ulileta wingi. Tume iliyoongozwa na Profesa Simeon Ominde, ambayo taarifa yake ilianza kutolewa mwaka wa 1964, ilitaka elimu iwaunganishe watoto wa taifa badala ya kuwagawa. Sheria ya Elimu ya mwaka wa 1968 iliziweka shule za misheni chini ya usimamizi wa serikali, na makanisa yakabaki wafadhili. Wakati huo huo wananchi hawakungoja. Kwa wito wa harambee waliuza ng'ombe, wakachanga shilingi, wakachoma matofali, wakajenga shule zao wenyewe, hata kabla ya muongo kwisha shule za sekondari za namna hiyo zilizidi zile zilizosaidiwa na serikali. Nyingi zilikuwa maskini, hazina maabara wala vitabu vya kutosha. Lakini zilikuwa na fahari moja ambayo shule za misheni hazikuwa nayo: zilijengwa na wazazi wa watoto waliosoma humo.

Basi shule zilipokuwa nyingi, ingedhaniwa kwamba sasa kila mtoto atatafutiwa inayomfaa. Haikuwa hivyo. Kipimo kipya kilishika mahali pa dhehebu, nacho kilikuwa alama. Kuanzia mwaka wa 1985 mpaka 2023 mtihani wa mwisho wa shule ya msingi ulimpa kila mtoto hesabu yake, na hesabu hiyo ikamtafutia shule. Shule kama Kanga, Rapogi, Asumbi, Agoro Sare na Homa Bay zilipata sifa, na sifa hiyo haikuwa ya bure, kwa kuwa ilitokana na jasho la walimu na wanafunzi. Lakini wazazi wengi waliacha kuuliza shule hufundisha nini vizuri, humlea mtoto kwa njia gani, na humtaka aishi vipi. Waliuliza jambo moja tu: ilikuwa ya ngapi? Mtoto aliyepata alama nyingi alipelekwa kwenye jina kubwa, ampende au asimpende mwenyeji wake. Aliyepata alama chache alipelekwa palipobaki, akaambiwa bila ya kuambiwa kwamba naye ni mabaki.

Na lile jambo la kale la maadili halikufa. Lilijificha tu, likatokea tena mahakamani. Watoto wa Wasabato walijikuta katika shule za umma ambazo Jumamosi ni siku ya masomo au ya mitihani, nao wakawa kati ya utii wa shule na utii wa dhamiri. Kanisa lao lilishtaki. Mahakama Kuu haikulikubali dai, lakini mwaka wa 2017 Mahakama ya Rufaa iliamua kwamba wanafunzi hao wana haki ya kuachiwa wakati wao wa ibada, tangu jua la Ijumaa linapotua hata jua la Jumamosi linapotua. Tazama jinsi historia inavyozunguka: kalenda iliyoletwa Gendia mwaka wa 1906 ilikuwa bado ikidai nafasi yake baada ya miaka mia na zaidi. Nayo Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka wa 2013 humpa mfadhili wa shule kazi ya kulea roho za wanafunzi, huku ikimtaka ailinde imani ya wale wasio wa dhehebu lake. Kwa hiyo mzazi Mwislamu wa Kendu Bay, au Msabato wa Rongo, au Mkatoliki wa Uriri, aweza kuuliza bila ya haya kabla ya kumpeleka mtoto: je, imani ya mwanangu itaheshimiwa kwenu? Kuuliza mapema ni adabu. Kugombana baadaye ni hasara ya pande zote mbili.

Sasa tumefika wakati mwingine. Mtihani ule wa zamani ulifanywa mara ya mwisho mwaka wa 2023. Watoto wa kwanza wa mtaala mpya walifanya mtihani wa Gredi ya 9 mwishoni mwa mwaka wa 2025, na mwezi wa Januari 2026 wakaingia Gredi ya 10. Hawa walitakiwa kuchagua shule pamoja na mkondo wa masomo, na mikondo ni mitatu: sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati, sayansi za jamii, na sanaa na michezo. Kwa mara ya kwanza karatasi yenyewe yamwuliza mtoto lile swali ambalo Tom Mboya hakuulizwa. Lakini karatasi haiwezi kumfundisha mtu kujibu. Hapo ndipo historia yafaa itupe shauri.

Shauri la kwanza ni kumjua mtoto kabla ya kuijua shule. Mtoto hujionyesha katika mambo yasiyo na mtihani. Yuko anayefungua redio mbovu, na yuko anayepatanisha waliogombana. Yuko anayeimba akiteka maji, na yuko anayekaa saa nzima akitazama siafu. Usimcheke huyu wa mwisho. Profesa Thomas Odhiambo aliyafanya maisha ya wadudu kuwa kazi yake, na mwaka wa 1970 akaanzisha Nairobi kituo cha kimataifa cha utafiti wa wadudu, kiitwacho ICIPE, ambacho kina tawi lake Mbita, kando ya ziwa. Huko Mbita wataalamu waligundua kwamba mkulima akipanda desmodiamu kati ya mistari ya mahindi na mabingobingo kandokando ya shamba, nondo wanaozaa funza wa mabua hufukuzwa na mmea wa kwanza na kuvutwa na wa pili, na kiduha, lile gugu linalonyonya mizizi ya mahindi, hupungua. Mahindi mengi yameokolewa kwa macho yaliyokuwa na subira ya kutazama wadudu.

Shauri la pili ni kuijua shule kwa asili yake na kwa hali yake ya leo. Nani aliijenga, na kwa nia gani? Nani mfadhili wake? Siku ya saba hupitishwa vipi? Je, mkondo mtoto anaoutaka upo kweli, pamoja na mwalimu na maabara, au upo katika tangazo tu? Wasichana hulindwa vipi? Mchagua jembe si mkulima, wahenga walisema, nao walikuwa na haki ya kumkemea mvivu. Lakini mkulima wa kweli hutazama mpini na kuupima mkononi kabla ya kulitia jembe ardhini.

Shauri la tatu ni kukumbuka mazingira ya mtoto mwenyewe. Pwani ya Homa Bay mvulana mdogo huitwa na omena na fedha ya usiku mmoja. Huko Nyatike, katika Migori, machimbo ya dhahabu huwaita vijana kwa sauti kubwa kuliko kengele ya shule. Katika Kuria wasichana wamekuwa wakitishwa na ukeketaji, hasa katika likizo ya Desemba, ingawa sheria ya mwaka wa 2011 imeukataza. Kwa msichana wa namna hiyo bweni laweza kuwa ngome. Kwa mtoto mwingine, ambaye mama yake ni mgonjwa na ambaye kipawa chake kinakua karibu na watu wake, shule ya kutwa iliyo jirani yaweza kuwa bora kuliko jina kubwa lililo mbali. Hakuna shule inayowafaa watoto wote, kama hakuna vazi linalowaenea watu wote.

Najua jibu atakalolitoa mzazi maskini: maneno haya ni mazuri, lakini mimi nachagua kwa mfuko. Jibu hilo ni la haki, wala si jipya. Ndilo lililompeleka Tom Mboya Kabete. Tangu mwaka wa 2008 serikali imesaidia karo ya shule za kutwa, lakini sare, chakula na nauli hubaki kwa mzazi, na wako watoto walioitwa na shule bora wakakaa nyumbani. Jamii inayosema kwamba mtoto achague, kisha ikamwacha achague kati ya karo asiyoiweza na nyumbani, haijampa uchaguzi. Babu zetu waliouza ng'ombe kujenga shule za harambee walilielewa neno hili. Leo majengo ni mengi. Kilichobaki ni kuchangiana ili mtoto wa jirani aingie katika jengo linalomfaa.

Wewe unayesoma insha hii huenda umekwisha kuchagua, au umechaguliwa. Kama shule yako yakufaa, shukuru, na ujue kwa nini yakufaa. Kama haikufai sana, usikate tamaa. Chukua humo kalamu na nidhamu kama alivyofanya chifu wa Karachuonyo, ukazitumie kwa kazi yako mwenyewe. Lakini nyumbani una mdogo wako, au jirani ana mwanawe, ambaye karibuni atawekewa karatasi mbele yake. Keti naye kabla ya siku hiyo. Mwulize anapenda nini, anaamini nini, na anaogopa nini. Kisha mtafutie habari za shule anazozitaja, nani alizijenga na kwa nia gani, ili atakapoishika kalamu awe anajua anachokiandika.